Parsele ku kiwanja cha usine ya zamani: tusisaini mbio

Bei ya parsele ku Lubumbashi, Likasi na Kolwezi imepanda, na watu wameanza kuangalia zile viwanja zilizolala tangu usine zifunge: magaraji, depo za konsantre, magazini ya asidi, fasi ambapo vagoni zilikuwa zinapakia. Ukuta iko, barabara iko, nguzo za umeme ziko karibu. Kwa macho ni parsele nzuri kabisa. Mambo iko chini.

Neno hili limetufikia ku sendika kupitia bapapa wa pensheni. Kampuni moja, jina tunaliacha pembeni, iko na deni yao ya miezi mingi. Sasa inawaambia: pesa hakuna, lakini kuna kiwanja cha zamani, tutakikata, kila mtu apate parsele yake na deni iishe. Wengine walitaka kusaini siku ile ile. Tunawaelewa. Mtu anayelipa nyumba ya wengine kila mwezi, na watoto bado wako ku masomo, ukimwonyesha udongo wenye jina lake hataanza kuuliza maswali. Lakini siye tuliofanya kazi mule ndani tunajua nini ilimwagika.

Tuseme wazi. Ku garaji, mafuta ya motere yaliyochoka yalikuwa yanamwagwa chini, na wakati wa kiangazi hata yalinyunyizwa makusudi ili vumbi ilale. Ku fasi ya batri, asidi ilitoka na risasi (ile bapatron wanaita plomb) ikabaki mchangani. Transfo za zamani, nyingi zilikuwa na mafuta yenye PCB, yale waliita piralene, ambayo hayaozi. Mabati ya eternit yana amiante. Yakiwa mazima hayasumbui sana, yakivunjwa kwa nyundo vumbi yake inaingia ku mapafu na haitoki. Na ku depo ya konsantre, kila lori iliyopakia iliacha unga kidogo: shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiamu, arseniki. Kidogo kila siku kwa miaka 40 si kidogo tena.

Kwa hiyo kazi ya kupima kiwanja haianzi na mashine. Inaanza na watu na plani. Ni kutafuta michoro ya usine, kujua kila jengo lilikuwa la nini, halafu kuita wale waliofanya kazi pale na kutembea nao hatua kwa hatua. Injiniere kijana mwenye diplome hawezi kujua kama nyuma ya ofisi ya shefu kulikuwa shimo walimozika matakataka mwaka ule moto uliwaka. Fundi wa pensheni anajua. Kama mtu anawaambia kiwanja kimepimwa na hakuna mzee hata mmoja aliyeulizwa, muwe na mashaka na karatasi ile.

Nyuma ya hapo ndipo wanachimba. Udongo unachukuliwa wa juu kabisa, wa nusu mita, wa mita moja, na pengine chini zaidi, juu ya kila uchafu una tabia yake: risasi inapenda kubaki juu, fasi batoto wanacheza, gasoil inashuka na kutafuta maji ya kisima. Kuna mashine ndogo ya mkono, mfano wa pistole, inayotuma mionzi na kusoma metali kwa muda mfupi sana. Ni nzuri, inasaidia kupima fasi nyingi kwa siku moja. Lakini haioni mafuta, haioni PCB. Kwa hiyo lazima sampuli zingine ziende ku laboratware. Ku Lubumbashi iniversite inayo, na OCC inayo. Haiko mambo ya kutafuta Ulaya tu.

Halafu swali linalosahaulika: kiwanja kitafanya kazi gani? Udongo unaoweza kukubalika chini ya hanga yenye simenti hauwezi kukubalika ku parsele ambamo mama analima lengalenga na matembele, na mtoto wa miaka miwili anatambaa. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unaishika mara 4 hadi 5 kuliko mwili wa mtu mkubwa. Inapunguza akili, inaleta anemia, na hakuna homa ya kukuonyesha mapema. Mwalimu atasema mtoto ni mvivu.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona. Kule Kabwe, Zambia, mgodi wa risasi na zinki ulifanya kazi karibu miaka 90, ukafungwa mwaka 1994. Ku kartie za Kasanda, Makululu na Chowa, watoto wamepimwa damu na kukutwa wamepita sana mikrogramu 5 kwa desilita, kiasi ambacho OMS inasema kikifikiwa inafaa kutafuta risasi inatokea wapi. Zambia ilianza kusafisha: kuondoa udongo wa juu ku parsele, kuweka mwingine safi, kupanda majani. Mwaka 2016 Banki ya Dunia ilikubali mradi mpya wa dola milioni 65,6, ambao Kabwe iko ndani yake. Lakini lundo kubwa la mabaki ya mgodi lilibaki wazi, na upepo wa kiangazi ulirudisha vumbi ku parsele zilizokwisha kusafishwa. Ni kupangusa nyumba na dirisha iko wazi. Kwetu ni vilevile: ukisafisha parsele 20 na kuacha lundo la konsantre nyuma ya ukuta, pesa imepotea.

Na hapa kwetu kuna Penga Penga, Lubumbashi. Usine ya kuyeyusha shaba ilianza mwaka 1911, na moshi wake upepo uliupeleka upande ule kwa miaka mingi mpaka hata majani yalikataa kuota. Wataalamu wa iniversite walijaribu kitu kilicho ndani ya uwezo wetu: chokaa na mboji ndani ya udongo, halafu majani ya Microchloa, yale yanayoota yenyewe ku vilima vya shaba. Majani yanashika vumbi. Ni kazi nzuri, tunaiheshimu. Ila tusidanganyane: shaba haijaondoka, imefungwa tu mahali pake. Ukilima pale na jembe umeifungua tena.

Ndiyo maana kusafisha kuna ngazi. Fasi mbaya kabisa, kama shimo la mafuta ao chumba cha batri, udongo unachimbwa na kupelekwa ku shimo lililojengwa kwa kazi hiyo, haitupwi ku mto. Fasi ya katikati, wanaweka kitambaa kigumu cha kutenganisha, juu yake udongo safi, ili siku mtu akichimba akikuta kitambaa ajue amefika ku mpaka. Fasi ingine inabaki parkingi ao depo, haikatwi parsele kamwe. Na mwishoni wanapima tena. Kazi isiyopimwa mara ya pili haijaisha, hata kama gavana amekata kamba.

Nani analipa? Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa saba 2011 juu ya mazingira inasema aliyechafua ndiye analipa. Code Minier, iliyogeuzwa mwaka 2018, inamtaka mwenye mgodi aweke garanti ya pesa ya kutengeneza udongo tangu mwanzo, na akifunga apate karatasi ya kuachiliwa mambo ya mazingira. Sheria ni nzuri. Shida inakuja wakati kiwanja kinapita mkono kwa mkono: wa kwanza amekufa, wa pili amebadilisha jina, wa tatu anauza. Sasa angalia ujanja wa kulipa deni na parsele. Siku mupensheni anasaini, uchafu unakuwa wake. Kampuni imemaliza deni mbili kwa kalamu moja, ya mishahara na ya udongo.

Msimamo wetu haukatai parsele. Tunataka ripoti ya kupima yenye plani na namba za laboratware, isomwe kwa sauti kwa Kiswahili mbele ya wote. Tunataka mkataba useme kwamba uchafu wa zamani unabaki kwa kampuni, hata ukionekana nyuma ya miaka 10. Na parsele isiyoweza kusafishwa ibadilishwe kwa ingine ao kwa pesa. Bamama wawe ndani ya mkutano, juu wao ndio watachota maji ya kisima kile.

Kazi ya kusafisha ikianza, tunajua nani ataitwa: vijana wetu, kwa siku, bila kontra. Wapewe maski za kweli zenye filtre, si zile za karatasi. Udongo umwagiwe maji kabla ya kuchimba. Bafu iwe pale pale, na nguo za kazi na botte zifuliwe na kubaki kule. Baba akirudi na vumbi ya konsantre ku shati, mtoto anayekimbia kumkumbatia ndiye anaimeza.