Istilahi za Kiswahili na Funzo la Hazina za DNA

Aghalabu wanaistilahi wa Kiswahili hugombania majina. Wapo wanaoiita DNA vinasaba. Wengine hulitumia neno hilohilo kwa maana ya jeni. Mjadala huo una ladha yake, ila anayeumia ni msomaji wa biolojia, asiyejua iwapo anasoma kuhusu dhana moja au mbili.

Wanabiolojia nao walikumbwa na utata wa aina hiyo. Mwaka 1965, nchini Marekani, Margaret Dayhoff na wenzake walichapisha atlasi ya mifuatano ya protini 65. Baadaye, ili kuokoa nafasi katika kompyuta za wakati huo, kila asidi amino ilipewa herufi moja badala ya tatu. Fenilalanini ilipata F kwa ajili ya matamshi. Triptofani, yenye pete mbili, ikapata W kwa kuwa herufi hiyo ni pana! Isitoshe, A, C, G na T ni besi za DNA na papo hapo ni asidi amino nne. GATTACA yaweza kusomwa kama DNA au kama protini, sawa na neno kaa, ambalo bila muktadha halijulikani kama ni mnyama wa pwani au ni kitendo cha kuketi.

Homonimia hiyo haijawavuruga, kwani kila rekodi hutaja aina ya molekuli, kisha hupewa namba ya kudumu. GenBank, iliyoanzishwa mwaka 1982, hubadilishana data na hazina za Ulaya na Japani, na rekodi hubeba namba ileile kotekote. Jina la jeni laweza kubadilika, namba haibadiliki. Mfuatano ukisahihishwa, ni tarakimu ya toleo tu inayoongezeka baada ya nukta.

Kiswahili kinahitaji hazina ya namna hiyo. Kila dhana ipewe namba, na chini yake yaingizwe majina yote yanayotumika, pamoja na mahali na mwaka yalipopatikana. Neno vinasaba lingeonekana chini ya namba mbili, na utata wake ukawa bayana. Watakuwapo watakaodai kwamba huko ni kuukwepa usanifishaji. Hoja hiyo ina uzito, lakini usanifishaji usiotanguliwa na ushahidi wa matumizi huzaa istilahi zinazobaki kamusini. Ushahidi wenyewe hauko mbali: umo katika tasnifu za wanafunzi wa Kiswahili zinazorundikana makabatini mwa idara.