Usiposti "KADI MBILI" kama huwezi kuonyesha pawa saplai

Wafanyabiashara wenzangu, hasa mnaouza kompyuta za gemu mtandaoni, leo tuambiane ukweli. Post yenye maneno "KADI MBILI" inapata laiki nyingi na inbox inajaa. Najua, hata mimi nilishaiposti. Na ndiyo post iliyonitoa hela nyingi kuliko zote.

Mashine ilikuwa used, ina GTX 980 mbili na prosesa ya i7-4790K. Nikaandika "grafiksi GB 8, spidi mara mbili", nikaiuza 1,450,000. Siku ya tatu mteja akapiga: "Kaka, nikifungua gemu inazima. Nikifungua Word haina shida." Nikamwambia tatizo ni umeme wa kwake, anunue stabilaiza. Akanunua. Ikazima tena. Akaja nayo dukani kwa bajaji, nikafungua ubavu wa mashine mbele yake. Aibu.

Pawa saplai iliandikwa wati 600 kwa maandishi makubwa. Ila kwenye stika ya pembeni, laini ya volti 12 ilikuwa ampea 30. Zidisha: 12 mara 30 ni wati 360. Sasa kadi za grafiksi na prosesa zinakula kwenye laini hiyo hiyo. GTX 980 moja imepangiwa wati 165, mbili ni 330. Prosesa ile ni wati 88. Jumla 418, bado feni na diski. Ukiandika Word kadi zimelala, ndiyo maana haikuzima. Gemu ikianza zinaamka zote mbili, mzigo unazidi, mashine inakata.

Kingine: kila GTX 980 inataka plagi mbili za pini 6, kwa hiyo mbili zinataka plagi nne. Pawa saplai ile ilikuwa na mbili tu. Aliyeifunga kabla yangu aliunga zilizobaki kwenye waya za diski. Plagi ya pini 6 imepangiwa wati 75, waya za diski hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Mashine ingeweza hata kuungua nyumbani kwa mtu. Na mimi niliiuza bila kuifungua.

Hapo kuna watu watasema, "Basi weka pawa saplai kubwa, biashara iendelee." Mimi nasema hapana, hiyo ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kwamba maneno yetu kwenye post siyo ya kweli.

Kwanza, GB 4 na GB 4 kwenye gemu siyo GB 8. Kwenye SLI kila kadi inabeba nakala ile ile ya vitu vya gemu, kwa hiyo mteja anabaki na GB 4 za kutumia.

Pili, spidi haiwi mara mbili. Kadi mbili ni kama mafundi wawili wanaoshona shati moja, mmoja akichelewa mwenzake anasubiri. Picha inaweza kurukaruka hata kama namba ya fremu inaonekana kubwa.

Tatu, gemu yenyewe lazima ikubali kadi mbili. NVIDIA walitangaza kwamba kuanzia 1 Januari 2021 hawaongezi tena profaili mpya za SLI kwa kadi za RTX 20 na za nyuma yake. Gemu mpya ikitoka bila kuwekewa uwezo huo na waliyoitengeneza, kadi ya pili inakaa tu, inakula umeme na kuongeza joto. LUKU analipa mteja.

Linganisha na GTX 1080 moja. Ina GB 8 za kweli, imepangiwa wati 180, na NVIDIA wenyewe wanapendekeza pawa saplai ya wati 500 kwa mashine yake. Haihitaji gemu iwe na ruhusa yoyote. Haivutii laiki sana, lakini hairudi dukani.

Sisemi kadi mbili hazina kazi kabisa. Mtu anayerenda kazi za 3D kwenye Blender anafaidika, kule kila kadi inapewa kazi yake. Muulize mteja anafanyia nini kabla hujamtajia bei. Akisema gemu, mpe kadi moja nzuri.

Na kila mashine unayoposti, weka picha ya stika ya pawa saplai. Siyo ile namba kubwa, ile laini ya volti 12. Zidisha ampea kwa 12, toa wati za kadi na prosesa, hakikisha inabaki nafasi ya kutosha, maana kadi huwa zinaruka juu ghafla kwa muda mfupi. Halafu washa gemu nzito nusu saa kabla hujakabidhi, siyo dakika mbili za kurekodi video.

Yule mteja nilimrudishia hela yake yote, na ya stabilaiza pia. Iliniuma, mtaji ulikuwa mdogo. Lakini stabilaiza ndiyo ilinisumbua zaidi, maana alinunua kwa sababu aliniamini mimi, na mimi nilikuwa nabahatisha. Ukiwa hujui, fungua mashine kwanza. Usimpe mteja jibu la kubahatisha alilipie yeye.