Niliacha Chuo. Basi.

Mwaka wa pili karo ilikwama, nikaacha chuo. Krismasi hiyo mjomba akanitambulisha kwa wageni kwa Kiingereza: "He is a dropout." Mathe, akimimina chai, akasema tu, "Aliacha, karo ilikosekana." Kwa mathe nilikuwa nimefanya kitu. Kwa mjomba nilikuwa nimegeuka kitu.

Tangu siku hiyo nina kesi na hako kaneno "is".

Angalia kazi yake. Jina lako, njaa yako, mahali ulipo, umaskini wako: vyote "I am". Kiswahili kinagawa. Mimi ni Mkenya. Niko Githurai. Nina njaa. Nimechoka. Nimesota. Njaa ninayo, nikila inaisha. Uchovu umenifika, nikilala utatoka. Hata tukichanganya lugha mtaani, tunasema "niko broke", kwa kitenzi kile kile cha mahali. Na mahali mtu huondoka.

Utaniambia "ni" nayo hubandika watu: yule ni mwizi, yule ni mlevi. Kweli. Na utasema Kiingereza pia kina "he left". Kweli tena. Mjomba alikijua. Alichagua "is" kwa sababu inamaliza maneno. Ukishasema mtu ni nani, hakuna anayeuliza ilikuwaje.

Hata huko Marekani wameligundua hili zamani. Alfred Korzybski alikilalamikia kitenzi hiki katika kitabu chake Science and Sanity, mwaka wa 1933. Mwaka wa 1965 D. David Bourland akapendekeza Kiingereza kisicho na "to be" kabisa, kikaitwa E-Prime. Sisi ndio bado tunajiandikia kwa status saa nane usiku: "I am a failure." Msee, umefeli interview moja! Sema hivyo: nimefeli interview. Kesho kuna nyingine.

Sisemi tuache Kiingereza. Nalipa rent kwa kukiandika. Nasema tu usikubali kuitwa kwa jina la siku yako mbaya.

Mjomba, Krismasi inakuja tena. Wageni wakiuliza, waambie niliacha chuo. Wakiuliza kwa nini, waambie harambee haikutosha. Wewe ulikuwepo.