Sinema si Ngumi Tu

Vijana wetu wa Masisi na Walikale wakiisha kutazama sinema hubishana mpaka usiku: nani hodari, Jackie Chan au Rambo? Kubishana si kosa. Ndivyo akili inavyonolewa. Kosa ni kupima ngumi tu.

Mwaka 2010 Frank Poulsen, mtu wa Denmark, alitoa sinema «Blood in the Mobile». Alishuka mashimoni Bisie, kwetu Walikale, watoto walikokuwa wakichimba kasiterite. Akawauliza na watu wa Nokia madini ya simu zao yatoka wapi. Ulaya waliijadili sana. Na sisi wenye mashimo? Tuitazame, tuseme iliponena kweli na ilipokosea. Tukinyamaza, wageni watatusemea daima.