Motakaa Ivutayo Upande

Motakaa ikienda upande hali usukani umeshikwa sawa, kwanza tuitazame barabara. Nyingi zimeinuliwa katikati ili maji ya mvua yateremke kandoni. Basi kwetu sisi tuendeshao kushoto, kuvutwa kidogo kushoto si ugonjwa. Lakini ikivuta hata mahali palipo sawasawa, na tupime upepo wa mipira ingali baridi. Mpira uliopungukiwa upepo hubingirika kwa uzito, nalo gari huelekea upande wake. Upepo ukiwa sawa, mipira miwili ya mbele na ibadilishane mahali (isipokuwa ile yenye mshale wa kuzungukia); uvutaji ukihamia upande wa pili, mpira ndio wenye kosa. Usipohama, pengine shimo limepinda chuma cha mbele. Hapo fundi apime mkao wa magurudumu.

Tuogopalo zaidi ni gari livutalo pale tu tukanyagapo breki. Mara nyingi breki ya upande mmoja haishiki, nalo gari hugeukia upande ushikao, labda mbele ya lori lijalo. Gari la namna hiyo lisipakizwe watoto wala wazee. Fundi na aitwe papo lilipo.