Bunduki ya Babu Ina Bei Gani?

Urithi una mambo. Shamba hugawanywa na minazi huhesabiwa, lakini bunduki kuukuu iliyoachwa na babu haigawanyiki. Hukaa darini miaka mingi, mpaka siku mtu asikiapo ya kwamba nchi za ng'ambo bunduki za namna hiyo huuzwa kwa fedha nyingi. Hapo ndipo mkulima wa Likoni au karani wa Changamwe aanzapo kuuliza bei.

Habari hiyo si uwongo. Katika Uingereza na Marekani yako maduka ya fahari yauzayo silaha za vita vya zamani, zikiwa zimepangwa ndani ya makabati ya vioo kama vito. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 huihesabu kuwa ya kale bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Mwuzaji mwenye ujuzi hapendezwi na mng'aro. Hutazama kama mtambo ni ule ule wa asili, kama kasiba haikubadilishwa, na kama alama za kiwanda zasomeka. Mtu asuguaye kutu kwa msasa ili apate bei nzuri hufuta alama hizo na kuiharibu bei yenyewe. Kisha mwuzaji huuliza swali lililo kubwa kuliko yote: Bunduki hii ilikuwa ya nani, nayo ilipigana wapi?

Watu wa pwani wanazo habari nyingi za kujibu. Lugha yao imehifadhi majina ya silaha hizo: bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi, gumegume, ambayo jiwe lake hugonga chuma likatoa cheche, na bunduki ya fataki iliyofuata baadaye. Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalizuia bunduki za kisasa zisiletwe Afrika, lakini yaliacha nafasi ya kuuza magumegume na baruti ya kawaida. Basi silaha ambazo majeshi ya Ulaya yalikwisha kuziacha zamani ziliendelea kuuzwa huku. Na njia iendayo kusini kutoka Likoni hufika Gazi, alikokaa Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896 kabla ya kuvuka mpaka. Bunduki ijulikanayo kwa hakika kuwa ilikuwako katika vita hivyo si sawa na nyingine isiyojulikana itokako.

Atakaye kuyaona mambo haya kwa macho hana haja ya kwenda London. Na apande feri pale Likoni, avuke mpaka kisiwani, aende Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Huko imewekwa mizinga miwili iliyotoka katika manowari mbili zilizokuwa adui. Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, ikaizamisha. Baadaye Königsberg ilizingirwa katika midomo ya mto Rufiji, ikapigwa sana, na Julai 11, 1915, Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Wakaitoa mizinga yake 10, wakaitia magurudumu, nayo ikakokotwa kwa nguvu za Waafrika katika vita vya bara. Leo mzinga wa aliyepiga na mzinga wa aliyepigwa imekaa mahali pamoja. Haina bei, lakini kila mtu ajua habari zake.

Basi mwenye bunduki ya babu afanyeje? Kwanza, asiijaribu wala asivute mtambo wake, kwa maana bunduki za kale zimepata kuonekana zikiwa bado na baruti ndani. Pili, asiichukue barabarani wala ndani ya feri kwenda kutafuta mnunuzi. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, yataka mwenye silaha awe na cheti. Heri awaarifu polisi kwanza, waje waitazame, wamweleze wajibu wake. Tatu, asidanganywe na dalali atakaye kuipeleka ng'ambo kwa siri. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yakataza vitu vya kale kutolewa nchini bila ya ruhusa.

La nne halina gharama. Wazee wangali hai, na waulizwe: Ni nani aliyeinunua, mwaka gani, na ilitumika wapi? Majibu yao yaandikwe. Bunduki isiyo na habari ni chuma na mti tu, hata ingewekwa katika duka la fahari namna gani. Na wahenga walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari.