Mashangingi yanafika Mwitongo, mlemavu anaachwa stendi

HAKUNA kigogo nchi hii asiyeijua njia ya Mwitongo. Tangu Mwalimu Nyerere azikwe pale Butiama Oktoba 1999, misafara ya mashangingi haijakauka. Wanashuka, wanaweka mashada, wanasema maneno mazito kuhusu utu na usawa, wanapiga picha, wanapandisha vioo, wanaondoka. Vumbi linabaki kwa wenyewe.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1934 Mwalimu, akiwa mtoto wa miaka 12, alitoka Butiama kwa miguu hadi Musoma, maili 26 hivi, kwenda kuanza shule Mwisenge. Tunawauliza wanaopenda kuisimulia hadithi hiyo majukwaani: je, mtoto wa Butiama ambaye hana miguu ya kutembea maili hizo, leo anafikaje Musoma?

Jibu lipo stendi ya Bweri. Hivi karibuni tulimshuhudia kijana mmoja mwenye kiti cha magurudumu akitaka kwenda Bunda. Hiace ya kwanza konda alimwangalia, akagonga bodi, gari likaondoka. Ya pili wakamwambia kiti ni mzigo, alipie nafasi mbili. Ya tatu ilimchukua, lakini kiti kikafungwa kwa kamba nyuma ya gari na yeye akainuliwa kwapani kama kiroba cha dagaa, wapiga debe wakicheka. Alikuwa amefika stendi saa 1 asubuhi. Aliondoka saa 5. Hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba amezoea.

Hilo ndilo linalotuuma: amezoea! Nauli ya mwanafunzi kila konda anaijua hata kama haipendi. Bei ya kiti cha magurudumu inategemea konda ameamkaje.

Wakubwa wasituambie kwamba sheria hakuna. Ibara ya 17 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila raia uhuru wa kwenda atakako. Haikusema kila raia mwenye miguu miwili. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayotaka majengo na huduma za umma zifikike na wote, na ikaanzisha Baraza na Mfuko wa Taifa kwa ajili yao. Karatasi tunazo za kujaza Hiace nzima. Kinachokosekana ni Hiace ya kumbeba mlemavu.

Wala si watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika kila Watanzania 100 wenye umri wa miaka 7 na kuendelea, zaidi ya 11 wana ulemavu wa aina fulani. Lakini kwa wanasiasa wetu hawa ni watu wa msimu. Uchaguzi ukinukia, baiskeli za magurudumu matatu zinaletwa, mheshimiwa anavuta utepe, mlemavu anavalishwa fulana na kofia ili picha ikae vizuri. Miezi sita baadaye mnyororo umekatika, tairi limekwisha, spea haipatikani. Baiskeli inageuka kiota cha kuku. Mheshimiwa yuko Dodoma, hapokei simu. Hiyo siyo sera. Hilo ni changa la macho!

Tukiuliza fedha, tunaambiwa kuna asilimia 10. Ni kweli, tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za walemavu. Lakini Aprili 2023 Serikali yenyewe iliisimamisha mikopo hiyo, baada ya kelele za vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, na ikaja kuirejesha katika mwaka wa fedha 2024/25. Waliokula walikuwa na miguu yao mizima. Aliyefungiwa ni pamoja na yule ambaye hata kufika ofisi ya halmashauri kuchukua fomu anahitaji kubebwa.

Na mlemavu akijitafutia mwenyewe? Dar es Salaam walijaribu. Bajaji haihitaji mizani ya miguu, na fundi anayejua kazi anaweza kuhamisha breki ya mguu ikawa ya mkono. Vijana wengi wenye ulemavu wakawa madereva, wakalisha familia. Juni 2017, walipokusanyika kupinga kuzuiwa kuingia na bajaji zao katikati ya jiji, polisi waliwatawanya kwa nguvu. Nchi nzima iliona picha za watu wasioweza kukimbia wakikimbizwa. Ukiomba, wewe ni mzigo. Ukifanya kazi, wewe ni mhalifu. Sasa mlemavu aende wapi?

Tunazitaka halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zianze na mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili wa Ulaya. Kwanza, zibandike hadharani, kila robo mwaka, nani kapata zile asilimia 2 na kiasi gani. Pili, sehemu ya fedha hizo inunue bajaji zenye breki ya mkono kwa ajili ya wanaotaka kuendesha. Tatu, kila stendi iwe na ngazi mteremko na amri moja inayoeleweka: kiti cha magurudumu ni miguu ya abiria, siyo mzigo. Nne, awepo fundi mmoja anayelipwa kutengeneza baiskeli na viti hivi, maana chombo bila fundi ni mapambo.

Lakini tusiwaonee vigogo peke yao. Konda aliyegonga bodi pale Bweri ni kijana kama wewe unayesoma gazeti hili. Wapiga debe waliocheka ni wenzetu, walalahoi kama sisi. Wengi wetu tunakula kwa bodaboda, bila kofia ngumu, abiria watatu, barabara ya Mwanza malori yakipita masikioni. Nenda wodi ya majeruhi uone ni vijana wa umri gani wamelala pale wakisubiri kuambiwa kama mguu utapona au utakatwa. Wazee walisema hujafa hujaumbika, na hawakuwa wakitania. Stendi unayomcheka mwenzako leo, kesho utaifikia kwa magongo, na konda atakuwa kijana uliyemfundisha wewe kucheka.

Kwa hiyo yule kijana wa Bweri akija tena, shika kiti upande mmoja, mwenzako ashike upande wa pili, na konda aambiwe nauli ni moja.

Na ninyi waheshimiwa, safari ijayo ya Mwitongo acheni mashangingi nyumbani. Njooni na Hiace kutoka Bweri, mkiwa na magongo. Mkifika, ndipo mtuhutubie kuhusu utu.